Binti yuko mwaka wa kwanza premedi Marekani: likizo hii ya kiangazi aifanyie nini?

MamaColumbus
Wakuu, salaam kwenu. Binti yetu anamaliza mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Ohio mwanzoni mwa mwezi wa tano. Anasoma baiolojia, yuko kwenye njia ya premedi. GPA yake, yaani wastani wa alama ambao mwisho ni 4, ni 3.2 kwa krediti 30, kemia ndiyo iliyomwangusha, alipata C+. Tuna grini kadi. Baba yake anataka aende Tanga kwa bibi akashinde hospitali, mwenyewe anataka kuanza kusomea MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, mashangazi wanasema atafute kazi apate hela. Nauliza mnaozijua hizi njia: kipi kitamfaa kweli siku ya kuomba shule ya udaktari? Tumebakiwa na wiki saba kabla likizo haijaanza.

MshauriWaPremedi
Karibu dada. Tuanze na kalenda. Nyumbani mtoto akitoka kidato cha sita anaingia MD moja kwa moja, miaka mitano, ndiyo maana ndugu wengi wanadhani aliye premedi ameshaanza udaktari. Hajaanza. Premedi si shahada, ni masomo ambayo shule za udaktari zinataka mwombaji awe ameyapita, shahada yake iwe ya baiolojia au ya historia. Asiyetaka kupumzika mwaka anatuma maombi yake AMCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba shule za udaktari, mwishoni mwa mwezi wa tano au mwezi wa sita, akimaliza mwaka wa tatu. Kwa hiyo kabla ya kutuma ana likizo mbili tu nzima, hii na ya mwakani.

Hii ya kwanza ninaishauri kwa jambo moja: ajijue kama anaweza kukaa na mgonjwa. Amguse, amgeuze, amlishe, amsikilize akirudia malalamiko yale yale kila asubuhi. Na atafute nafasi ambayo masomo yakifunguliwa ataendelea nayo saa nne kwa wiki. Wanaosoma maombi wanaangalia idadi ya saa, lakini wanaangalia pia tarehe za kuanza na kuacha. Saa 200 za mwezi mmoja kisha kimya zinaonyesha mtu aliyekuwa anakusanya.

MCAT aiache kabisa mwaka huu. Mtihani ule unauliza baiokemia, kemia ogania, fizikia, saikolojia na sosholojia, na yeye mengi hajayagusa. Alama inatoka 472 hadi 528, kila jaribio linaonekana na shule zote, na maisha yake yote anaruhusiwa mara 7 tu. Isitoshe shule nyingi hazipokei alama iliyozidi miaka miwili au mitatu, kwa hiyo akifanya mapema mno anaweza kulazimika kurudia hata kama alama ilikuwa nzuri.

Kuhusu GPA, fanyeni hesabu kabla ya kulipia darasa la kiangazi. Krediti 30 kwa 3.2 ni pointi 96. Akichukua somo la krediti 4 akapata A, anafika 112 kwa 34, yaani 3.29. Akipata B- anashuka 3.14. Lakini mwaka wa pili mzima, krediti 30 kwa wastani wa 3.8, unampeleka 3.5. Faida kubwa iko huko. Kemia ogania ya kiangazi inabana wiki 16 ndani ya 8, na aliyepata C+ kemia ya kwanza anaingia na msingi uliolegea. Na kuirudia hiyo C+ hakuifuti: AMCAS inahesabu alama zote mbili. Bora atenge saa tano au sita kwa wiki arudie stoikiometria, asidi na besi, na muundo wa elektroni, ili mwezi wa nane aingie ogania akiwa imara.

NesiWaChanjo
Kabla hamjajadili aende wapi, tusemee makaratasi ya chanjo, maana hayo ndiyo yanayowakwamisha watoto wetu kuliko chochote. Hospitali nyingi hapa hazimpitishi mtu mlango wa wodi, hata wa kujitolea, mpaka kitengo cha afya ya wafanyakazi kipitishe faili lake. Kutoka kuomba hadi kupewa kitambulisho mara nyingi ni wiki nne hadi nane. Anayeomba mwezi wa tano anaanza mwezi wa saba, na mwezi wa nane anarudi chuo.

Kadi ya kliniki ya Tanzania au Kenya haijazi fomu yao, hata kama mtoto alipata kila chanjo ya nyumbani. Tazama:

Fomu inataka surua, matumbwitumbwi na rubela, dozi mbili. Kadi ya nyumbani ina surua peke yake, na rubela iliongezwa Tanzania 2014, Kenya 2016. Matumbwitumbwi haimo. Njia ni mbili: apime damu ionekane kinga ya yote matatu, au apigwe MMR, chanjo moja yenye yote matatu, mara mbili zinazopishana siku 28. Mara nyingi chanjo ni rahisi na haraka kuliko kipimo, na kupigwa tena mtu ambaye tayari ana kinga hakumdhuru.

Tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya kawaida ya nyumbani. "Aliugua akiwa mdogo" ya mama haipokelewi. Apime damu, kinga ikiwepo basi, isipokuwepo ni dozi mbili, zinapishana wiki nne.

Homa ya ini B wengi walichanjwa wakiwa wachanga, ndani ya chanjo ya mchanganyiko. Ila kipimo cha damu kikifanywa miaka 18 baadaye, namba ya kinga mara nyingi huwa imeshuka chini ya 10. Msishtuke mkaanza dozi tatu upya. Inapigwa moja ya kuamsha, kisha anapimwa tena baada ya mwezi mmoja hadi miwili, wengi wanapanda.

Na TB. Hapa msikilize vizuri. Mwenye kovu la BCG, chanjo ya TB ya utotoni, mkononi akipigwa kipimo cha ngozi anaweza kuvimba bila kuwa na TB yoyote. Kinasomwa baada ya saa 48 hadi 72, kwa kupapasa na kupima kwa rula upana wa uvimbe mgumu, wala si wekundu. Kwa aliyehamia karibuni kutoka nchi yenye TB nyingi, milimita 10 tu zinatosha kuandikwa "chanya". Hapo anapelekwa eksirei ya kifua, barua ya daktari, na wakati mwingine anashauriwa dawa za miezi kadhaa. Aombe tangu mwanzo kipimo cha damu, kile cha IGRA, ambacho BCG haikiyumbishi. Aseme hivi dirishani: "Nilipata BCG utotoni, naomba kipimo cha damu." Wakikataa, akapime zahanati ya chuo au idara ya afya ya kaunti, apeleke majibu.

Kikitoka chanya hata cha damu, kisipuuzwe wala kufichwa. Eksirei ikiwa safi na hana dalili, ni TB iliyolala, haimwambukizi mtu, inatibika, na akishatibiwa atafanya kazi wodini kama wengine.

MsaidiziWaWauguzi
Mashangazi wamesema kweli nusu. Kazi ipo ya hela na ya mgonjwa kwa pamoja: CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, ambayo Ohio wengi wanaiita STNA. Sheria ya nchi inataka angalau saa 75 za mafunzo, na 16 kati ya hizo ni za vitendo chini ya mwalimu. Ohio wanakaa kwenye hizo 75. California ni 160. Kwa Ohio ni wiki mbili hadi nne, akianza siku ya pili baada ya mitihani, mwezi wa sita yuko kazini.

Msikimbilie kulipa chuo binafsi. Vituo vingi vya wazee vinafundisha bure ukikubali kufanya nao kazi, na kituo kilichokuajiri hakiruhusiwi kukutoza mafunzo. Hata uliyejilipia, ukiajiriwa na kituo cha wazee ndani ya miezi 12, sheria inataka urudishiwe. Tunza risiti. Soma pia mkataba: vingine vinataka ukae miezi sita, na hapo mwanafunzi anayerudi chuo mwezi wa nane anajifunga. Aulize kwanza kama atabadilishiwa awe wa wikiendi.

Mtihani una maandishi na vitendo. Wanaoanguka wengi hawaangushwi na kitu kigumu. Wanasahau kubisha hodi na kujitambulisha, kuvuta pazia, kufunga magurudumu ya kitanda, kushusha kitanda chini, na kuacha kengele mkononi mwa mgonjwa kabla ya kuondoka. Kunawa mikono: sugua sekunde 20 nje ya maji, kucha ndani ya kiganja, vidole vikielekea chini, kisha funga bomba kwa karatasi ya kufutia, si kwa mkono uliokwisha kunawa. Kuhesabu mapigo na pumzi ni dakika nzima, usihesabu sekunde 30 ukazidisha kwa mbili. Katika mtihani unaotumika majimbo mengi unaruhusiwa kupishana na mkaguzi mapigo 4 na pumzi 2, basi. Na unapohesabu pumzi usimwambie mgonjwa, acha vidole kwenye kifundo cha mkono kama bado unahesabu mapigo, maana akijua anabadilisha kupumua.

Kazi yenyewe ni nzito. Asubuhi moja ni kuwaosha, kuwavisha na kuwapeleka mezani watu wanane hadi kumi na wawili. Mgongo unaumia kwa anayeinua kwa kiuno badala ya miguu, au anayemwamsha mgonjwa bila mkanda wa kumshikia. Malipo ni karibu dola 18 kwa saa, inapanda na kushuka kwa eneo.

KijanaWaMinneapolis
Na EMT, mhudumu wa dharura, je? Naona wengi wanaikimbilia kwa sababu ya ambulansi.

MsaidiziWaWauguzi
Mafunzo ni marefu zaidi, kama saa 120 hadi 190, halafu mtihani wa kitaifa wa kompyuta wa maswali 70 hadi 120, halafu leseni ya jimbo. Likizo nzima inaishia darasani na saa za mgonjwa zinakuwa chache mno. Ni nzuri kwa atakayeitumia miaka miwili ijayo. Mwenye likizo ya wiki 14 ninampeleka CNA. Ukarani wa kumwandikia daktari ni mzuri pia, unajifunza namna daktari anavyofikiri, ila makampuni mengi yanataka uahidi mwaka mmoja na uchape haraka, kwa hiyo wa likizo tu hapokelewi kirahisi.

MtuWaMaabara
Sitaki utafiti usahaulike. Kwa anayelenga shule kubwa, maabara ni kama lazima, na mwaka wa kwanza si mapema. Zile programu za kitaifa za wiki kumi zenye posho, kama REU ya NSF, mfuko wa taifa wa sayansi, zinawataka raia au wenye grini kadi, lakini nyingi zinafungwa mwezi wa pili, kwa hiyo mwaka huu zimempita. Aziweke kwenye kalenda ya mwezi wa kumi na mbili.

Kilichobaki ni kuwaandikia maprofesa wa chuo chake. Barua pepe isizidi maneno 150. Mstari wa kwanza jina, mwaka, na anachoomba. Wa pili ataje kitu kimoja alichosoma kwenye makala ya karibuni ya maabara ile na swali moja la kweli. Wa tatu ni siku na saa alizo nazo, na kwamba yuko tayari kuendelea muhula ujao. Aambatanishe wasifu wa ukurasa mmoja. Aandike kumi, kila moja peke yake, asimrushie profesa barua iliyoandikwa "Mpendwa Profesa" watu kumi. Wiki moja ikipita kimya, akumbushe mara moja tu.

Kinachoharibu ni muda. Utafiti unaogusa rekodi za wagonjwa unataka jina lake liongezwe kwenye kibali cha kamati ya maadili na amalize mafunzo ya mtandaoni, na hilo linaweza kula wiki kadhaa. Amwombe profesa aanze kuongezwa sasa. Akifika asitegemee makubwa: mwezi wa kwanza ni kuosha vyombo, kumimina jeli, kujaza boksi za ncha za pipeti, kuingiza data. Aandike daftari la maabara kila siku, tarehe, namba ya chupa, kiasi kwa maikrolita. Mwanafunzi mwenye daftari safi ndiye anayepewa mradi wake akifika mwezi wake wa tatu pale.

WaVizaF1
Samahani kuingilia uzi. Mimi niko F-1, viza ya mwanafunzi. Hii CNA ninaweza?

MshauriWaPremedi
Mdogo wangu, kulipwa nje ya chuo bila kibali, hapana, na kosa hilo ni la kukupotezea hadhi yako. Ndani ya chuo unaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wakati wa likizo unaweza kufanya siku nzima, kwa hiyo maabara ya chuo inayolipa ndiyo njia yako iliyo wazi. Kuna CPT, kibali cha kazi ya mafunzo, baada ya mwaka mzima wa masomo, ila kazi lazima iwe sehemu ya mtaala wako. Kujitolea hospitalini kwenye programu ya kawaida ya wasiolipwa hakuna shida. Kufanya bure kazi ambayo wenzako wanalipwa ndiko kunakoleta matatizo. Muulize afisa wa wanafunzi wa kigeni kabla, kwa maandishi. Na ujue mapema kwamba shule za udaktari zinazopokea wa F-1 ni chache, na baadhi zinataka uonyeshe ada ya miaka yote minne kabla ya kuanza.

MkalimaniTiba
Binti anazungumza Kiswahili vizuri? Kama ndiyo, ana kitu ambacho wenzake darasani hawana. Miji kama Columbus ina Wakongo wengi waliokuja kwa ukimbizi, na sheria inazitaka hospitali ziwape mkalimani mwenye sifa, si mtoto wa mgonjwa. Sifa ya kuanzia inayotakiwa na wengi ni kuwa na miaka 18, kupita kipimo cha lugha zote mbili, na mafunzo ya saa 40, ambayo yanapatikana mtandaoni.

Kanuni ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Unasema "ninaumwa", husemi "anasema anaumwa". Huongezi, hupunguzi, humpi mgonjwa ushauri hata akikuita mwanangu. Usilolielewa unamsimamisha daktari ukauliza. Jihadhari sana na saa za dawa: ukisema "saa mbili asubuhi" kwa mtu wa Bukavu, usidhani kaelewa ulivyoelewa wewe. Funga dozi kwenye kitu: ukiamka kabla ya chai, jua likizama, ukienda kulala. Kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake, daktari akisikiliza.

Asimtafsirie jirani hospitalini kienyeji kabla ya mafunzo. Kosa la dozi moja linatosha kumlaza mtu.

MzeeWaPongwe
Naona wote mnamkwepesha baba mtu. Tanga kuna hospitali, kuna wagonjwa, na mtoto atajua kwao. Huko atafanya mambo ambayo Ohio hata kuyatazama hataruhusiwa.

DaktariMkazi
Mzee wangu, shikamoo. Hilo la mwisho ndilo hatari yenyewe. Umoja wa vyuo vya udaktari wa Marekani, AAMC, ulitoa mwongozo 2011 kwa wanafunzi wanaokwenda nje: usifanye kwa mgonjwa wa nje usiloruhusiwa kumfanyia mgonjwa wa hapa. Aliyeandika kwenye maombi kwamba alishona kidonda au alizalisha akiwa mwaka wa kwanza anaweza kukataliwa kwa mstari huo. Na mama aliyelala pale Tanga anastahili mtu aliyefundishwa, sawasawa na mama wa Ohio.

Kwenda aende, kwa namna hii. Aandike mapema kwa mganga mfawidhi, kupitia barua ya chuo, aombe kutazama tu, wiki tatu. Akae kliniki ya presha na kisukari, mapokezi, stoo ya dawa. Aangalie dawa gani huisha kwanza na mgonjwa anaambiwa nini ikiisha. Picha ya mgonjwa asipige hata moja, na hata mitandaoni asiweke jina, kijiji wala tarehe ya kulazwa. Na dawa za kinga ya malaria ameze. Aliyekulia Marekani hana tena ule ukinzani wa bibi yake. Wanaorudi kutembelea ndugu ndio wanaoongoza kwa kuugua.

MzeeWaPongwe
Marahaba daktari. Kutazama tu, nimekuelewa. Wiki tatu zinatosha na bibi atamwona.

DaktariMkazi
Akirudi, kuhusu kumfuata daktari kliniki hapa Ohio: saa 40 hadi 50 kwa jumla zinatosha, zigawe kwa madaktari wawili watatu, mmoja awe wa familia. Viatu vya kufunika vidole, simu mfukoni, akiambiwa atoke chumbani atoke bila kuuliza. Jioni aandike alichojifunza, bila jina.

Aanze pia jedwali la saa leo hii: tarehe ya kuanza na kumaliza, mahali, saa kwa wiki, jina la msimamizi na mawasiliano yake, na sentensi mbili za kilichotokea. AMCAS inampa nafasi 15 za shughuli, kila moja herufi 700 pamoja na nafasi kati ya maneno, na tatu anazozichagua kuwa za maana zaidi anaongezewa 1,325. Miaka miwili baadaye hakuna anayekumbuka alichofanya wiki ya tatu ya mwezi wa sita, na msimamizi anakuwa ameshahama kazi.

MamaColumbus
Asanteni sana, nimewasomea wote nyumbani. Tumekubaliana hivi: anaomba kituo cha wazee kinachofundisha STNA bure, mafunzo mwezi wa tano, kazi mwezi wa sita na wa saba, Tanga wiki tatu mwisho wa mwezi wa saba, akirudi anaendelea wikiendi. Barua za maprofesa anaandika kwa ajili ya muhula wa vuli. Kesho anakwenda zahanati ya chuo kupigwa MMR na tetekuwanga, na wiki ijayo atapima TB ya damu.

NesiWaChanjo
Mama, hapo mwisho geuzeni. MMR na tetekuwanga ni chanjo hai, na zinaweza kukifanya kipimo cha TB kisome hasi ya uongo. Damu ya TB ichukuliwe kesho hiyo hiyo, pamoja na chanjo. Ikipita kesho, itabidi asubiri wiki nne. Na hizo chanjo mbili zipigwe siku moja, moja kila mkono. Zikitenganishwa nazo lazima zipishane siku 28. Siku 28 baada ya kesho ndiyo miadi ya dozi ya pili ya zote mbili, aiandikishe kabla hajatoka dirishani, na aombe nakala iliyogongwa mhuri.